Kabla ya kung'oa migomba ya zamani

Mvua iko karibu. Kila mwaka, mawingu yanapoanza kukusanyika juu ya ziwa mwishoni mwa mwezi wa tisa, maswali ya bustani yanarudi katika mikutano yetu. Safari hii swali moja limeletwa mara nyingi kuliko mengine: je, tung'oe migomba yetu ya zamani na kupanda ile ya aina mpya inayosifiwa kila mahali?

Hapa Nzilo chakula chetu ni bukari, na hakuna anayesema ndizi itachukua nafasi yake. Lakini kila mama anajua kazi ya ile migomba michache iliyo karibu na bafu au nyuma ya jikoni. Ndiyo inayompa mtoto kitu cha kutia tumboni kabla ya kwenda masomo. Ndiyo inayomlisha bibi asiye na meno. Na siku minervali inapodaiwa na mshahara wa bwana haujatoka, mkungu mmoja unabebwa sokoni. Ukiing'oa yote leo, mtoto wa mgomba utakayempanda atakupa mkungu wa kwanza baada ya mwaka mmoja, na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, pengine mwaka mmoja na nusu. Muda huo wote nyumba inakaa bila ndizi. Si jambo la kuamua kwa sababu jirani amepita na picha ya mkungu mkubwa kwenye simu yake.

Jibu letu ni hili: aina mpya zipo, na baadhi ni nzuri sana, lakini kabla ya kuzitafuta ujue kwanza kwa nini ile ya zamani imekonda. Maana kuna migomba inayohitaji kubadilishwa, kuna inayohitaji kulishwa tu, na kuna mahali ambapo aina mpya itakufa kama ile ya zamani, tena baada ya kukugharimu pesa.

Umezeeka au una njaa?

Mgomba hauzeeki kama mtu. Shina lililozaa mkungu hufa, lakini kiazi chake kilicho chini ya udongo hutoa watoto, na watoto hutoa wajukuu. Huko Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kuna vibanja vya migomba vilivyorithiwa kutoka babu hadi mjukuu mahali palepale. Kwa hiyo tukisema "migomba hii imezeeka", mara nyingi tunataka kusema neno lingine.

Mara nyingi neno hilo ni njaa. Nenda nyuma ya nyumba ukahesabu mashina yaliyosimama katika kichaka kimoja. Ukikuta kumi au kumi na tano, usishangae kwamba mikungu ni midogo; ni nyumba yenye watoto wengi na sufuria moja. Wakulima wa ndizi wana sheria nyepesi ya kukumbuka: mama, binti na mjukuu. Shina moja lenye mkungu au linalokaribia kuzaa, moja la kati, na moja changa. Mengine yote yanaondolewa yakiwa bado madogo. Baada ya hapo funika udongo kuzunguka kichaka kwa majani makavu, weka samadi ya mbuzi au ya kuku, maganda ya jikoni na majivu kidogo. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, wakati mvua imekatika, maji uliyoogea au uliyooshea mboga yaende kwa mgomba kuliko kumwagwa njiani. Fanya hivyo msimu mmoja mzima ndipo uhukumu. Wengi wetu tunataka aina mpya wakati ile ya zamani haijawahi kupewa hata beseni moja la samadi.

Pengine shida ni wadudu. Yuko mdudu mdogo mweusi mwenye pua ndefu, anaitwa fukuzi. Anataga mayai penye kiazi, na funza wake hutoboa ndani kama mchwa kwenye mbao. Wako pia minyoo wadogo sana wanaokula mizizi, hao huwaoni kwa macho. Dalili ya wote ni moja: mgomba wenye mkungu unaanguka siku ya upepo, na unapoanguka unang'oka na kiazi chake. Ukianguka, usiutupe tu. Kata kile kiazi katikati. Ukiona njia nyeusi ndani, ni fukuzi. Ili kumpunguza, chukua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, lipasue kwa urefu, vilaze vipande kwenye udongo karibu na kichaka, upande uliopasuliwa ukiangalia chini. Fukuzi wanakuja usiku kujificha hapo. Asubuhi watoto wainue na kuwaokota. Ni kazi wanayoipenda.

Magonjwa matatu ya kujua

Ugonjwa ni habari nyingine, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kila ugonjwa una jibu lake na majibu hayafanani.

Ugonjwa wa kwanza unaitwa Panama. Ni kuvu linalokaa ndani ya udongo na kuingia kwa mizizi. Majani ya chini yanageuka manjano, yanavunjika na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Ukikata shina unaona mistari ya rangi ya kutu ndani. Hupiga zaidi ndizi tamu za kula zikiiva, kama Gros Michel ile ndefu ya sokoni. Kuvu hilo hudumu udongoni miaka mingi sana, hata ukiwa umeng'oa kila kitu. Hapa ndipo aina mpya inakuwa dawa ya kweli: usirudishe aina ileile mahali pale, panda aina inayoweza kuvumilia.

Wa pili ni mnyauko wa bakteria. Huu ndio umewaliza mama zetu wa Kivu. Uliingia upande wa Masisi mwaka 2001, mwaka uleule ulioonekana katika migomba ya Uganda. Majani yananyauka kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na nyingine zikiwa bado mbichi, na ukizikata ndani ni za kahawia. Shina likikatwa linatoa maji mazito ya manjano. Unaenezwa na wadudu wanaotembelea lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, lakini zaidi sana unaenezwa na panga letu. Tunakata jani hapa, tunakata mtoto kule, na panga halijaoshwa.

Kwa muda mrefu watu waliambiwa wang'oe kichaka kizima mara tu shina moja likiugua. Ni kazi nzito, na mwanamke aliye peke yake na watoto hawezi kuchimbua viazi ishirini. Wengi waliacha. Baadaye watafiti waliofanya kazi Kivu na nchi jirani waligundua kwamba bakteria haifiki katika kila shina la kichaka. Ikawa inatosha kukata shina linalougua peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, kisha kupita tena kila wiki na kukata lolote jingine linaloonyesha dalili, huku panga likipitishwa kwenye moto kila baada ya mgomba mmoja. Mbabula yenye makala mekundu inatosha. Na lile ua la zambarau linavunjwa kwa kijiti chenye panda, bila panga, mara chane ya mwisho inapotokea. Wakulima walioshikilia utaratibu huo kwa miezi kadhaa waliona ugonjwa ukipungua sana na shamba likiendelea kuwalisha. Nautaja kwa kirefu kwa sababu ni jibu lililopatikana kwa kuangalia nguvu za watu wenyewe, jambo ambalo si la kila siku.

Ugonjwa wa tatu ni wa virusi, nao unafanya mgomba udumae. Majani mapya yanatoka mafupi, membamba, yamesimama wima na kusongamana juu kama maua yaliyofungwa pamoja, na pembeni ni manjano. Ukiangalia kikonyo cha jani kwa karibu unaona mistari midogo ya kijani kilichokoza, mifupi na mirefu. Mgomba huo hauzai. Katika Kongo ugonjwa huu unajulikana tangu miaka ya 1950. Unabebwa na vidukari weusi, lakini safari ndefu unaifanya katika mtoto wa mgomba tuliompa rafiki kama zawadi. Na hapa jibu ni kinyume cha lile la mnyauko: kichaka chote kimeambukizwa, hata mashina yanayoonekana mazuri. Nyunyizia kwanza maji ya sabuni ili vidukari wasihame, kisha ng'oa chote, kiazi na mizizi, ukatekate, uache vikauke. Na usimpe mtu mtoto hata mmoja kutoka hapo.

Kwa magonjwa haya mawili ya mwisho, aina mpya si dawa. Mpaka leo hakuna ndizi inayopandwa na watu ambayo mnyauko au virusi hivyo vinaishindwa kabisa. Atakayekuambia "hii mpya haishikwi na ugonjwa wowote" anataka kuuza.

Yaliyotokea Kagera

Mfano mzuri wa kubadilisha ndizi katika nchi nzima ya watu uko Kagera, kwa Wahaya, ambao kwao ndizi ndiyo bukari. Katika miaka ya 1990 vibanja vyao vilikuwa vimedhoofika kwa fukuzi, minyoo, udongo uliochoka na magonjwa ya majani na ya Panama. Kuanzia mwaka 1997 mradi mmoja wa maendeleo ya mkoa huo, uliosaidiwa na Ubelgiji, ulileta miche ya aina mpya kutoka maabara ya chuo kikuu cha Leuven. Huko Leuven tangu mwaka 1985 iko hazina ya dunia ya ndizi, na leo inatunza aina zaidi ya 1,500 ndani ya vichupa vya kioo. Miche ile ilipandwa katika mashamba ya kuzalishia, kisha watoto wake wakagawiwa kwa wakulima, na wakulima wakagawiana wenyewe kwa wenyewe.

Nyingi ya aina zile zina majina ya ajabu: FHIA-17, FHIA-23, FHIA-01. Herufi hizo ni za taasisi ya utafiti wa kilimo ya Honduras, Amerika ya Kati, iliyorithi kazi hiyo mwaka 1984 kutoka kwa kampuni kubwa ya ndizi. Watu wa huko walizalisha ndizi kama mfugaji anavyochanganya mbegu za kuku: baba anayevumilia ugonjwa, mama mwenye mkungu mzuri. FHIA-17 na FHIA-23 ni wajukuu wa Gros Michel, lakini Panama ile iliyomwangamiza bibi yao haiwashindi kirahisi. Na mikungu yao ni mikubwa kweli. Penye samadi na maji, kilo 40 au zaidi kwa mkungu mmoja si ajabu, wakati mgomba wa zamani uliochoka unatoa 10 au 15.

Wahaya walifurahi, kisha wakapika. Ndizi ya kupika kwao inapaswa kuwa laini, ya manjano, yenye harufu yake; hizi mpya wengi waliona hazilingani. Hawakuzitupa. Waliziweka mahali pake: kula zikiwa zimeiva, kutengeneza juisi na pombe, kuuza. Ile ya zamani ikabaki kwa sufuria ya nyumbani. Nadhani hapo wanawake wale walionyesha akili kuliko mradi wenyewe, maana mizani ya mkulima wa maabara inapima kilo, na ulimi wa mtoto unapima kitu kingine.

Kisha mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uliingia Kagera, kupitia Muleba. Haukuuliza mgomba jina. Ukapiga mpya na ya zamani pamoja. Waliopona haraka ni wale walioshika usafi wa panga na kukata ua kwa wakati.

Kuna aina moja katika zile zilizopelekwa Kagera ambayo sisi Wakongo tungepaswa kuijua kuliko wote: Yangambi Km5. Jina lake ni la kwetu. Yangambi ni kile kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 kando ya mto Kongo, karibu na Kisangani. Ni ndizi ndogo, tamu, yenye ganda jembamba na chane nyingi. Inavumilia Panama, inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani, na minyoo wa mizizi hawaipendi. Ina kasoro mbili. Inatoa watoto wengi mno, kwa hiyo lazima uwe mkali katika kupunguza. Na ikiiva ndizi zake zinadondoka kutoka kwenye chane, ndiyo maana mfanyabiashara wa safari ndefu haitaki. Kwa parseli yenye watoto sita mlangoni, kasoro hiyo ya pili sioni kama ni kasoro.

Mama mwenye watoto wadogo afikirie pia makemba yenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo inaonyesha kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Katika miaka iliyopita watafiti walipeleka aina kama Apantu ya Ghana na Bira ya Papua New Guinea kwa familia za Burundi na za mashariki ya Kongo kwa sababu hiyohiyo, zipikwe pamoja na mafuta na mboga. Mafuta ni lazima, hata kijiko kimoja cha mawese, kwa sababu bila mafuta mwili hauchukui vitamini hiyo vizuri.

Kubadilisha bila nyumba kukosa ndizi

Sasa umeamua. Usianze kwa kung'oa. Anza kwa kupanda.

Mwezi wa kumi, chimba shimo la kwanza mbali na kichaka cha zamani, mita tatu au zaidi. Upana sentimita 60, kina vilevile. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine, na ukirudisha uanze na ule wa juu uliochanganywa na ndoo mbili za samadi iliyooza. Panda mvua ikishashika, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, ili mizizi iwe imeshuka kabla mvua haijakatika mwezi wa nne. Atakayepanda mwezi wa tatu atabeba maji kichwani mpaka mwezi wa kumi.

Chagua mtoto mwenye majani membamba kama upanga. Yule mwenye majani mapana akiwa bado mfupi anaonekana mzuri, lakini kiazi chake ni dhaifu. Mkate majani, kisha menya kiazi kama unavyomenya muhogo, ondoa mizizi yote na kila doa jeusi, mpaka kiwe cheupe kabisa. Fanya hivyo mbali na shimo, usije ukapanda na wadudu wenyewe. Halafu tia sufuria kubwa au nusu pipa kwenye moto, maji yachemke sana, uzamishe kile kiazi kwa sekunde 30. Hesabu polepole mpaka thelathini, utoe. Maji hayo yanaua minyoo iliyobaki karibu na ngozi bila kuua moyo wa mgomba. Njia hii ilijaribiwa na watafiti wa kilimo katika Afrika, na faida yake ni kwamba haihitaji dawa wala kipimo cha joto. Lakini kumbuka: inaua minyoo. Haiponyi virusi wala mnyauko. Mtoto mgonjwa aliyechemshwa ni mgonjwa aliyeoga.

Kichaka cha zamani kiendelee kuzaa wakati mpya unakua, isipokuwa kama kina virusi. Kila shina la zamani likivunwa, usiache mtoto wake mwingine achukue nafasi. Hivyo kichaka kinajimaliza chenyewe, kikitoa mkungu hadi wa mwisho, na karibu na siku hiyo yule mpya naye anakuwa amefungua ua. Mwaka wa pili unachimba shimo lingine. Ukiwa na vichaka vinne, kazi yote ni miaka mitatu au minne. Ni polepole, ndiyo. Lakini hakuna mwezi ambao mtoto ataambiwa ndizi hakuna kwa sababu mama anafanya maendeleo. Na kichaka kimoja cha zamani, kile chenye ladha ambayo bibi anaipenda, ningekiacha.

Neno moja kuhusu udongo wetu wa Lualaba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven walichapisha kazi yao ya Kasulo, pale Kolwezi, mahali watu walipokuwa wakichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, na watoto ndio walikuwa nayo zaidi. Vumbi ndiyo njia kubwa. Kwa hiyo usilete udongo wa bustani kutoka mahali walipooshea au kumwaga madini, hata ukiwa laini na mzuri kwa macho. Na ile mifuko iliyobeba madini, inayouzwa rahisi, isibebe samadi wala isiwe ya kuoteshea miche. Ndizi osha kabla ya kumenya, kwa sababu mkono unaomenya ndio unaoshika nyama yake.

Kazi ya kundi

Mtu mmoja akinunua miche mmoja mmoja, bei inamshinda. Kundi la likelemba linaweza kufanya vingine. Watafiti wa ndizi wa Njombe, nchini Kameruni, walieneza njia ya kutoa miche mingi katika kiazi kimoja. Unachukua kiazi kizima cha mgomba wenye afya, unakimenya, unaondoa mabaki ya majani moja baada ya jingine mpaka macho madogo yaonekane, unakata msalaba juu ya moyo. Unakifukia ndani ya sanduku la unga wa mbao uliochemshwa kwa mvuke na kupoa, chini ya plastiki inayoshika unyevu, kivulini. Baada ya wiki tatu au nne macho yanachipua. Machipukizi yanaweza kukatwa tena moyo ili yazae mengine, kisha yanahamishwa katika vifuko. Kwa miezi minne hivi kiazi kimoja kinaweza kutoa makumi ya miche.

Seremala anatoa unga wa mbao bure akikuona mara mbili. Plastiki ndiyo ya kununua. Lakini ukianza na kiazi kigonjwa, umetengeneza kiwanda cha ugonjwa na kuwauzia jirani zako. Kwa hiyo mgomba-mama wa kundi uwe umeangaliwa msimu mzima, na agronomu wa teritware auone kwa macho yake kabla sanduku halijafungwa. INERA ina kituo Kipopo, karibu na Lubumbashi. Anayesafiri kwenda huko anaweza kuulizia kwa niaba ya wengine.

Jambo jingine la kuzungumza mapema, wala tusilionee haya: mkungu mpya ni wa nani? Migomba ya nyuma ya jikoni kwa desturi ni ya mama. Mikungu midogo haina mgogoro. Lakini mkungu wa kilo 40 ni pesa, na mahali pengi mazao ya mwanamke yakianza kuleta pesa yanapata mwenyewe mpya. Ongea na bwana kabla ya kuchimba shimo, akiwa ameshiba na hana haraka. Mpange kwamba vichaka fulani ni vya minervali na vya mboga ya nyumbani, na kwamba anayeuza ni wewe. Wengine katika kundi letu wamepanga hivyo mbele ya mama-mkwe, ili kuwe na shahidi.

Na siku ya kununua mtoto wa mgomba, usiulize bei kwanza. Muombe muuzaji akupeleke kuona mgomba aliokatwa kwake. Angalia majani ya juu kama yamesongamana. Angalia kama ndizi zinaiva vibaya. Muombe akate kipande kidogo cha kiazi mbele yako, na panga lipite motoni kwanza. Akisema mgomba uko mbali, au ameununua kwa mtu mwingine, mshukuru, na pesa ile ununulie mbegu ya lenga-lenga. Mvua haitaisha wiki hii.